Ufunguo wa Mashine Uwe Mikononi Mwetu



Tumepima vumbi la chai kiwandani na pumzi za wenzetu, zamu kwa zamu. Hesabu hizo zimeishinda kompyuta ya ofisi yetu, kwa hiyo tunakodi mashine ya mbali kwa njia ya intaneti. Ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyogawanywa kwa programu, kama nyumba ya kambi yenye vyumba vya wapangaji wengi. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha mashine hizo mwaka 2006.

Hulipiwa kwa muda, kama trekta la kukodi. Mwezi uliopita kazi ilikwisha Ijumaa, hakuna aliyeizima, na ada zetu zikalipia mashine iliyokaa bure hadi Jumatatu. Kosa ni letu. Tena, hata ukiizima, diski yenye hesabu huendelea kulipiwa mpaka ifutwe.

Wako wanaosema tumwachie mwajiri, ana wataalamu. Tunakataa! Mwenye ufunguo wa mashine ndiye anayeziona hesabu, na aweza kuzifuta. Kila tawi litoe vijana wawili wajifunze kuiwasha, kuizima na kuweka nakala. Mapafu ni yetu. Na hesabu zake tuzishike wenyewe.