Kompresere ya kamyo: tusinunue bari, tununue litri



Mu mikutano ya kisha mavuno kuna ombi moja linalorudi mara kwa mara: tutoe feza mu kasha ya pamoja, tununue kompresere kidogo ya kubeba, ya kupiga pompi mapine ya kamyo. Ombi hilo ni la haki. Kila mutu anayepakia mboga Lubero kupeleka Butembo anajua: pine ikikosa upepo mbali na kwado, muzigo unalala mu njia, na mununuzi wa sokoni hangoji. Viazi vinaweza kuvumilia siku moja. Nyanya hapana. Na hasara ile haimuangukii shofere, inamuangukia yule mama aliyelima.

Lakini mimi naona kompresere nyingi zinazonunuliwa hivi zinaishia mu kona ya depo. Si kwamba ni mbovu. Zilitengenezwa juu ya gari ndogo, na sisi tunazidai kazi ya kamyo.

Muangalie kartoni yake. Kwa herufi kubwa imeandikwa 150 psi. Hiyo ni kama bari 10, na pine ya kamyo inaomba bari 6 mpaka 8 hivi, basi komite inasema: inatosha, tulipe. Ile namba inaonyesha tu mwisho wa nguvu ya mashini. Haisemi itafika pale saa ngapi. Hata pompi ya mukono ya baiskeli za mashindano inafika bari 8. Nani kati yetu ataipeleka kwenye pine ya Fuso?

Namba ya kutafuta ni litri kwa dakika. Tufanye hesabu pamoja. Pine ya 7.50-16, ile ya Fuso ndogo, ndani yake kuna nafasi ya litri 60 hivi. Kuitoa kwenye sifuri mpaka bari 6, ni lazima kuingiza litri 360 za hewa. Kompresere ya litri 30 kwa dakika itahitaji dakika 12. Si mbaya. Sasa tuchukue pine ya 12.00-20 ya kamyo kubwa: litri kama 150, kwa bari 8, ni litri 1200. Dakika 40, kwa pine moja tu.

Na hizo ni dakika za karatasi. Zile litri 30 mara nyingi zimepimwa tiyo ikiwa wazi, bila kusukuma kitu. Pine ikianza kujaa, litri zinapunguka. Tena sisi tunaishi juu: kwenye mita 2000 hewa ni nyepesi, kila musukumo wa mashini unabeba upepo pungufu karibu sehemu moja kwa tano kuliko kule chini baharini. Kisha soma kakitabu kanakokuja nayo: nyingi zinaomba kufanya kazi dakika 15 ao 20, halafu zipumzike zipoe. Shofere aliye na nyanya mugongoni hapumzishi kitu. Ndiyo maana zinaungua.

Basi mukifika dukani, muulize swali moja: pine ikiwa tayari na bari 6, hii mashini inatoa litri ngapi? Kama muuzaji hana jibu, omba aijaze pine ya kamyo mbele yenu, saa ya telefone mukononi. Akikataa, mutoke. Feza ya koperative haina haraka.

Umeme nao uangaliwe. Kamyo nyingi ziko na batri mbili zilizounganishwa, volti 24, na kompresere nyingi za sokoni ni za volti 12. Ukiiunganisha na 24, inaungua siku ile ile. Wengine wanachukua umeme kwenye batri moja tu kati ya zile mbili. Mashini inazunguka, ndiyo, lakini batri ile inachoka mbele ya mwenzake, na batri ni bei. Tena kompresere yenye nguvu inashikwa moja kwa moja kwenye batri kwa kable nene. Ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara ni ya taksi.

Sasa maoni yangu yenyewe. Mbele ya kununua, fungueni kamyo yenu mutazame chini. Kama inatumia breki za upepo, kompresere munayo tayari. Inaendeshwa na motere, inajaza matanki yake mpaka karibu bari 8, na inatoa upepo mingi kuliko kale ka kushika kwenye batri. Kinachokosekana ni tiyo ndefu, kichwa cha kushika valvu, na mahali pa kuiunganisha. Kamyo nyingi zimetoka kiwandani na pale mahali. Mwite fundi mwenye kujua breki, asiruhusiwe mutu kutoboa tanki. Na ni sheria: magurudumu yafungwe kwa mawe ao mbao wakati wa kujaza, kisha shofere angoje sindano ya upepo irudi juu mbele ya kuondoka. Ule upepo ndio breki yake. Kwa milima yetu, hakuna mutu wa kuelezewa zaidi.

Fuso ndogo nyingi hazina breki za upepo. Kwa hizo, kompresere ya batri ya volti 24 inaweza kufaa, kama litri zake ni za kweli. Ile ya motere ya benzini, inayotoa litri 200 na kupita, ni nzuri lakini ni nzito. Ikae depo, ihudumie pikipiki na gari za wajirani kwa kulipa, na kila franka iandikwe mu kaye.

Kuna jambo lingine linalonisumbua kuliko bei. Tukimupa kijana mashini ya kujaza pine njiani, tunamupa pia hatari. Pine iliyotembea bila upepo na muzigo juu, ubavu wake unaweza kuwa umevunjika ndani bila kuonekana. Ukiijaza moja kwa moja, inaweza kupasuka na kumuua aliyeinama pale. Itolewe, iangaliwe ndani kwanza. Na janti zile za serkle zimekwisha kuua watu: serkle ikiruka, inaruka kama panga. Kwa hiyo tiyo iwe ya mita 3 angalau, kichwa kijishike chenyewe kwenye valvu, na mujazaji asimame mbele ao nyuma ya pine, asisimame kandokando inapotazama serkle. Kwado mwenye kujua anafunga na shene.

Mukutano unaokuja, mimi ningependa tupige kura kwanza juu ya manometri nzuri na tiyo, bei yake ni kidogo. Mapine yapimwe kila asubuhi yangali baridi, mbele ya kupakia, na shofere aandike namba. Pine nyingi zinazotulaza njiani zilitoka depo zikiwa zimepungukiwa tayari. Kisha mwezi mumoja wa hizo namba, komite ituletee kaye, ndipo tuzungumze kompresere gani.