Mbona Mpaka Ufike Nairobi Ndiyo Uheshimu Chakula cha Asili?

Wasee wa Kisii na Nyamira, leo niko na swali moja tu. Mgeni akishuka hapa stejini saa hii aseme, "Nipelekeni hoteli ya zamani, ile ya chakula chenu wenyewe," tutampeleka wapi? Usinitajie pale kwa chipo kuku. Nasema obokima bwa wimbi, chinsaga ya maziwa, rinagu, amabere amaruranu yaliyolala kwa kibuyu. Naona wengi mmenyamaza.

Si ati Kenya haina hoteli zenye historia. Pale Stanley, Nairobi, kuna Thorn Tree, mkahawa ulioanza 1959. Wasafiri walikuwa wakiachiana ujumbe kwenye mti wa hapo, na mpaka leo kuna watu huenda kunywa kahawa kwa sababu ya hiyo stori tu. Halafu kuna Ranalo Foods, ile kila mtu anaiita Kosewe. Samaki, ugali, mboga za Kijaluo, na wateja wa kila kabila. Vijana wetu wakifika jijini, lazima wapite Kosewe na lazima picha ipigwe. Hapo hakuna mtu huuliza mbona alipie chakula cha ushago. Majirani zetu Wajaluo hawakuonea haya sahani yao, na jiji likaipenda. Nawavulia kofia.

Sasa tuangalie kwetu. Chinsaga na managu nyingi zinazoliwa Nairobi zinatoka kwa mashamba yetu. Mama analima, anachuma, magunia yanapakiwa, yanaenda. Yaani jiji linakula mboga zetu huku sisi tukipiga foleni ya viazi vya kukaangwa. Hapo ndipo naona kuna shida.

Kuna watu wataniambia, "Wewe, hiyo si ndiyo tunakula nyumbani kila siku? Nani atalipia?" Hiyo hoja naielewa, lakini angalia maisha yenyewe. Vijana wengi mjini wanaishi chumba kimoja na jiko moja la gesi. Chinsaga ina uchungu. Lazima uichemshe, umwage maji, uongeze maziwa, uiache ilale, kesho uipashe tena ndiyo itoe ule utamu. Nani ako na hiyo nafasi akitoka kazini saa mbili usiku? Hiyo kazi ndiyo hoteli inapaswa kutufanyia, na ndiyo maana inafaa kulipiwa.

Na hiyo ni kazi ya ujuzi, si mchezo. Mama aliyejifungua hupewa chinsaga apate nguvu. Wanasayansi wamechunguza amabere amaruranu kwenye maabara wajue ni bakteria gani huyagandisha. Lakini nyanya anayejua kuyatengeneza bila maabara hana mwanafunzi hata mmoja. Akienda, ameenda na kila kitu. Hakuna video itarudisha mkono wake.

Tusiseme pia ati dunia haijatuona. UNESCO na watu wa utamaduni hapa Kenya waliandika vyakula vya asili, vikiwemo vya Waisukha wa Kakamega na Wapokot. Mwaka wa 2021 hiyo kazi ikaingizwa kwa orodha ya UNESCO ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Safi sana. Lakini orodha haipiki. Chakula hubaki hai mtu akikiagiza na kukilipia.

Mimi niliacha chuo, sitawapea mhadhara. Nawapea kazi tatu tu.

Moja, ukiingia hoteli, uliza kama kuna wimbi na mboga za kienyeji. Wakisema hakuna, uliza tena wiki ijayo. Mwenye hoteli hupika kile kinaulizwa.

Mbili, sisi wa kontenti tupunguze burger kidogo. Pale sokoni Daraja Mbili, pale Keroka, kuna akina mama wanaopika. Muulize ameanza lini, nani alimfunza, kisha utaje chakula kwa jina lake la Ekegusii. Usiandike "ugali ya brown". Iite obokima. Na umlipe kabla hujatoa simu. Usimfanye mandhari ya video yako.

Tatu, wenye hoteli, tuwekeeni hata siku moja kwa wiki. Chungu halisi, obokima ndani ya ekee, na bakuli za mawe ya Tabaka mezani. Zile bakuli tunauzia watalii, na sisi tunakulia plastiki! Halafu andikeni mwaka mlioanza hapo ukutani, hata kama ni mwaka huu.

Kwa sababu hiyo Thorn Tree nayo ilikuwa na siku yake ya kwanza. Ilikuwa mkahawa mpya tu, kisha watu wakaendelea kurudi mpaka ukawa historia. Kibanda cha mama unachopita kila asubuhi kinaweza kufika huko, au kifungwe mwaka ujao na pale pafunguliwe duka lingine la vifuniko vya simu. Inategemea kama wewe na mimi tutaketi tule.

Kwa hivyo niambieni: ni nani anapika chinsaga tamu kabisa hapa mjini? Jumamosi nakuja kula, na nalipa mwenyewe.