DARASA LA KIINGEREZA: Aliacha Kupiga, au Alisimama Ili Apige?

Ndugu msomaji, juma hili twakuomba uketi pamoja na watu wa nyumbani mwako, kwani somo letu lawahusu wote: askari aandikaye maelezo kituoni, mkewe aandikaye barua ya kuomba kazi, na mtoto wao ajitayarishaye kwa mtihani.

Jioni moja konstebo mmoja, jirani yangu, alirudi kutoka mahakamani amenuna. Alikuwa ametoa ushahidi katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kumpiga kijana sokoni. Kizimbani alieleza kwamba mshtakiwa alipomwona askari, aliacha kupiga. Lakini katika maelezo yake ya kituoni alikuwa ameandika: "When he saw me, he stopped to beat the boy." Wakili wa utetezi akamwuliza: "Afande, tukuamini wewe au tuiamini karatasi yako?"

Tahajia ya sentensi ile haikuwa na kosa hata moja. Maana ndiyo iliyopotoka, kwani kwa Kiingereza yasema: "Aliponiona, alisimama ili ampige kijana." Mtu aliyeacha uovu kwa kumwogopa askari amegeuzwa kuwa mtu aliyeanza uovu mbele ya macho ya askari! Ilimpasa kuandika: "he stopped beating the boy." Hakimu alimwelewa alipojieleza, lakini jasho lilikuwa limekwisha kumtoka.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi niliandika 'kupiga' tu, basi."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye chanzo cha kosa. Kiswahili kina umbo moja tu kwa kazi mbili. Twasema "anataka kusoma", na twasema pia "kusoma kwake kumemfaa", ambapo kitenzi kimekuwa jina kamili la ngeli ya KU. Kiingereza kina maumbo mawili: "to read" na "reading". Hatuwezi kuyabadilisha tupendavyo, kwa maana mara nyingi kitenzi kinachotangulia ndicho kiamuacho.

Kwanza, viko vitenzi vinavyofuatwa na "to". Vingi miongoni mwavyo vyatazama jambo lililo mbele, ambalo bado halijatendeka: want, hope, decide, promise, agree, refuse. "He refused to open the gate." Hali kadhalika tunapomwamuru au kumshauri mtu: "The officer ordered us to wait."

Pili, viko vinavyodai "-ing": enjoy, finish, avoid, admit, deny, suggest. Askari wa upelelezi ayashike sana maneno "admit" na "deny". Tuandike "He denied stealing the bicycle", wala si "He denied to steal".

Tatu, baada ya maneno kama before, after, without na by, twatumia "-ing": "before leaving the barracks", "without firing a shot". Hapa pana mtego. Katika "I look forward to hearing from you", lile "to" ni la jamii ya maneno hayo, silo "to" la kitenzi. Kwa hiyo mama uandikaye barua ya kuomba kazi, usimalizie kwa "I look forward to hear from you".

Nne, baada ya can, must, may na should, kitenzi husimama peke yake. "You must report at six", si "must to report". Vivyo hivyo kwa let na make: "He made us run."

Tano, na hapa ndipo jirani yangu alipojikwaa, viko vitenzi vinavyokubali maumbo yote mawili lakini vikabadili maana. "Stop" tumekwisha kuiona. Sasa mtazame mtunza ghala. Akisema "I remembered to lock the store", maana yake alikumbuka wajibu wake, kisha akafunga. Akisema "I remember locking the store", maana yake alifunga, na sasa anakumbuka kwamba alifunga. Siku ghala litakapokutwa wazi, mkubwa wake atataka kujua ni lipi analolisema.

Shahidi naye apime maneno yake. "I saw him cross the road" yaonyesha kwamba alimwona mtu tangu upande mmoja wa barabara hata upande wa pili. "I saw him crossing the road" yaonyesha kwamba alimwona akiwa katika kuvuka. Huenda hakuona mwanzo wala mwisho. Katika ajali, tofauti hiyo si ndogo.

Msomaji asiogope. Begin, start na continue hukubali maumbo yote mawili, na aghalabu maana haibadiliki. Kwa vitenzi vingine, njia iliyo bora ni kujifunza kila kitenzi pamoja na mwenziwe. Usiandike daftarini "avoid" peke yake. Andika "avoid doing". Usiandike "promise" peke yake. Andika "promise to do". Kamusi nzuri ya wanafunzi nayo huonyesha jambo hilo katika mifano yake.

Zoezi la nyumbani. Baba asome, mama na watoto wajibu, kisha wabadilishane:
1. She decided (go) home.
2. He admitted (take) the money.
3. We left without (eat).
4. Don't forget (clean) your boots tonight.
5. The children enjoy (sing).

Majibu: to go, taking, eating, to clean, singing.

Jirani yangu sasa ana desturi mpya. Kabla ya kutia sahihi maelezo yoyote, huyasoma tena polepole, na kila aonapo "to" au "-ing" hujiuliza: "Je, hivi ndivyo nilivyoona?" Swali hilo lamfaa kila mwenye kalamu mkononi, kwa kuwa karatasi ikifika mbele ya hakimu, yapo maisha ya mtu yanayoitegemea.

Hadi juma lijalo, kwaherini.