Umeme umekatika? Toka nje na simu yako!

Nawajua watu wa Kibaha na Kisarawe: umeme ukikatika usiku mnanuna, mnawaza samaki kwenye friji. Safari hii usinune. Chukua simu, toka uani, inua uso.

Mwishoni mwa Januari, kama hakuna mawingu wala mwezi, saa 3 na nusu hivi usiku utaona juu ya kichwa nyota 3 zimejipanga mstari kama abiria wastaarabu. Sogeza macho kidogo kusini. Pana ukungu mdogo, utadhani una tongotongo. Si tongotongo, bwana! Ni nebula ya Orion, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota zinazaliwa. Mwanga huo uliondoka huko miaka kama 1,300 iliyopita, Kilwa bado haijaona sultani.

Watu wa London huitafuta chini upande wa kusini, meno yanagongana kwa baridi. Wewe wa Kisarawe inakupita karibu na utosi, bure! Ilaze simu kifudifudi juu ya kigoda, kamera ikitazama mbinguni. Weka picha ya usiku, sekunde 10, na taima ili mkono usiitikise. Ukizidisha sekunde nyota zinageuka michirizi, maana dunia inazunguka, haikusubiri wewe.

Sasa mchana, hapo ndipo ninapogombana na watu. Septemba 1, 2016, watu walifurika Rujewa, Mbeya, kuona jua limekuwa pete. Huku Pwani lilimegwa tu. Eti filamu ya eksirei inatosha, mwingine miwani ya urembo. Thubutu! Jua linaunguza ndani ya jicho bila kuuma. Unakuja kushtuka baadaye, katikati ya uso wa mumeo pana doa. Na darubini isiyo na kichujio cha jua mbele yake ndiyo mbaya zaidi.

Kama huna kichujio wala miwani maalumu, lipe jua mgongo, simama chini ya mwembe. Mwanga ukipenya kwenye majani unachora chini vijijua vingi vilivyomegwa. Piga picha hivyo hivyo, vinapendeza.

Agosti 2, 2027 ni zamu yetu tena ya jua kumegwa. Jiandae mapema, shoga. Simu ikiharibika utanunua nyingine, macho hayana spea.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.