Mama Mjamzito Aulizwe Analalaje

Mama mjamzito akifika kliniki hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, anapanda kwenye mizani, anafungwa kipimo cha presha mkononi, anatolewa damu ya kupima VVU na anameza fansida nesi akimtazama. Anapewa vidonge vya kuongeza damu na chandarua kama kipo. Nesi anapima tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kisha kadi inarudi mkononi na jina la mwingine linaitwa. Kama mama huyo analala usiku au halali, mara nyingi hakuna aliyemuuliza.

Na wengi hawalali. Anayeishi Kabazana, kijiji kimoja cha hapa, anawajua, kwa sababu ukuta wa udongo na shitingi hauzuii sauti. Saa nane za usiku jirani yuko macho, moyo unamwenda mbio kama mtu anayekimbizwa, viganja vimelowa jasho, na nyumbani hakuna mwizi wala moto. Asubuhi atasema ana presha. Kliniki watampima na presha itakuwa sawa. Watampima malaria na hana. Atarudi nyumbani na panadoli. Mkongomani atasema yuko na mawazo mingi, mwingine atasema roho yake haitulii. Kila mtaa una jina lake, na kila jina linaeleweka vizuri kabisa kwa anayetaka kuelewa.

Wasiwasi huu haukutoka hewani. Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari. Wapo waliofika hapa mimba ikiwa changa na mume hajulikani aliko. Wapo waliobebeshwa mimba kwa nguvu njiani, na hilo hawajamwambia hata dada yao. Yupo aliyemwona jirani akivuja damu wakati wa kujifungua hadi akafa, na sasa anahesabu wiki zake kama mfungwa. Yupo ambaye hofu yake ni chakula tu, maana mgao umekatwa na kukatwa tena, na yeye anakula kwa ajili ya wawili.

Lakini hofu kuwa na sababu hakumaanishi iachwe. Mguu uliovunjwa na jiwe nao una sababu, na bado unafungwa bandeji.

Tuweke hesabu mezani. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 kati ya 100 wana tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Benchi la kliniki likikaliwa na akina mama ishirini, watatu ni wagonjwa wa jambo ambalo kadi yao haina hata mstari wa kuliandika. Na hesabu hiyo ni ya nchi zinazoendelea kwa jumla, si ya kambi ya watu waliokimbia vita.

Visingizio tumevisikia vyote. Kikubwa ni kwamba hakuna madaktari wa akili. Kweli ni wachache, na walio karibu wako Mbarara, katika Hospitali ya Rufaa, kama kilomita sitini kutoka hapa. Mama wa miezi minane hawezi kupanda boda hadi Mbarara kila wiki ili azungumze na mtu saa moja. Nauli hana, na barabara yenyewe ni mateso kwa mwenye tumbo hilo.

Sasa hapa ndipo tunapoishiwa uvumilivu, kwa sababu jibu la kisingizio hiki lilipatikana hapa hapa Nakivale, si Geneva wala Kampala. Mwaka 2008 Frank Neuner, Patience Onyut na watafiti wenzao walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika makazi haya. Walikuwa na wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakiwa na ugonjwa unaowapata watu waliopitia mambo ya kutisha: ndoto mbaya, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachokumbusha. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi ya kukaa na mgonjwa na kumsaidia ausimulie mkasa wake wote kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho. Hayo yalikuwa matibabu ya kundi la kwanza. Kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida zaidi, na la tatu lilifuatiliwa tu.

Walipopimwa baadaye, watu 70 kati ya kila 100 waliosimulia mikasa yao hawakuwa tena na ugonjwa ule. Waliopata ushauri wa kawaida walikuwa 65. Waliofuatiliwa tu walikuwa 37. Na katika kundi la kwanza walioacha njiani walikuwa wanne tu kati ya 100. Watu wetu walikuja, wakakaa, wakasema, wakarudi tena. Kwa hiyo anayetuambia kwamba wakimbizi hawapendi kuzungumza mambo yao aeleze kwanza watu hao walikuwa wanafanya nini.

Utasema hao hawakuwa wajawazito. Sawa. Basi nenda Rawalpindi, Pakistani. Huko wajawazito wenye dalili za wasiwasi walipata vikao vichache na vijana waliosoma saikolojia chuoni lakini wasio madaktari. Vikao hivyo viliwafundisha kuitambua fikra inayowatisha, kuipima kama ni ya kweli, na kuweka nyingine yenye msaada mahali pake. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Wiki sita baada ya kujifungua, waliobaki na wasiwasi mkali au wa kati walikuwa asilimia 9, na kwa wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, asilimia 27. Uganda yenyewe ina mfano wake kutoka Rakai na Masaka, uliochapishwa mwaka 2003: vikundi vya wanakijiji waliokutana mara moja kwa wiki kwa wiki kumi na sita, vikiongozwa na watu wa huko huko, na sonona ikapungua kwa kiasi ambacho dawa chache zinaweza kujivunia. Na mwaka 2020 ilichapishwa habari ya wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini pale Rhino Camp, makazi mengine ya wakimbizi hapa Uganda, waliopata nafuu kwa vikao vitano vya kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, wakiwa kikundini.

Kwa hiyo tunajua la kufanya. Tumelijua kwa karibu miaka ishirini.

Kwenye meza ya kliniki, kabla kadi haijarudishwa, nesi aulize mambo mawili. Kwa wiki mbili zilizopita, umekuwa na wasiwasi au roho juu juu mara ngapi? Na je, umeshindwa kuyazuia mawazo hayo hata ukitaka? Hayo yanachukua dakika moja. Aulize kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali, lugha ambayo mama anaota nayo. Na tafadhali, mkalimani asiwe mtoto wa mama huyo wala mume wake. Hakuna mwanamke atakayesema alichofanyiwa msituni kupitia mdomo wa binti yake wa miaka tisa.

Akijibu kwamba ndiyo, mara nyingi, awepo wa kumpokea. Hapo ndipo wanapohitajika wanawake wa kijijini waliofundishwa. Wapo. Kila kijiji kina VHT, yaani wahudumu wa afya wa kijiji, na kila mtaa una yule mama ambaye wote wanakimbilia kwake, anayejua kunyamaza na kutunza siri. Wafundishwe, wasimamiwe na mtaalamu kutoka Mbarara anayefika kwa ratiba inayojulikana, na walipwe. Msiwaite wajitoleaji ili msiwalipe. Mtu anayebeba machozi ya wanawake kumi kwa wiki anafanya kazi, na mwenye kufanya kazi hula.

Kisingizio cha muda ndicho kinachotushangaza zaidi. Nani hana muda? Siku ya kliniki akina mama wanafika asubuhi na wengine wanaondoka mchana. Wanakaa saa nyingi kwenye benchi wakitazama ukuta. Vuteni mabenchi yale chini ya mti, wakae kumi kumi, mmoja aliyefundishwa awaongoze. Hapo hapo mwenye mimba ya kwanza atamsikia mwenye mimba ya nne akisema naye alikuwa anaamka usiku akidhani anakufa. Maneno hayo yakitoka kwa mwenzake yanaingia kuliko bango lolote la ukutani.

Kuhusu fedha, tunakubali mfuko umepungua. Marekani ilipositisha misaada Januari 2025, pengo lilionekana kila mahali, na washauri ni miongoni mwa wa kwanza kukatwa katika bajeti nyingi, kwa sababu machozi hayapigwi picha kama bomba la maji. Lakini tunachoomba si jengo. Ni benchi ambalo lipo, mti ambao upo, na posho ya wanawake wachache. Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), UNHCR, wilaya ya Isingiro na mashirika yanayoendesha afya hapa wakae siku moja waligawane hilo. Mwongozo wanao: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 maelekezo ya namna ya kuingiza afya ya akili katika kliniki za mama na mtoto.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama mkwe, tunajua wewe ulizaa saba na ulilima hadi siku ya uchungu. Lakini ukimwambia mkaza mwanao hivyo kila siku, hofu haipungui. Anajifunza kuificha tu. Baba, kliniki wanakutaka ufike naye, wewe unafika mara moja ya kupima damu halafu unapotea. Rudi. Na nyumbani chukua jerikeni, chota maji. Mke anayejua kuna maji ya kupikia kesho analala dakika nyingi zaidi kuliko yule uliyemwambia tu aache kufikiri. Wachungaji na masheikh, ombeni naye, maana sala inatuliza wengi na hatutaki kuiondoa. Mkimaliza kuomba, msindikizeni kliniki. Msimwambie imani yake ni ndogo.

Nawe mama unayesoma haya, au unayesomewa. Moyo kwenda mbio si dalili kwamba unakuwa kichaa, wala si laana juu ya mtoto. Mwambie mtu mmoja, leo, kwa maneno yako. Usiku ukishtuka, vuta pumzi taratibu na uitoe taratibu zaidi, mara kumi, mkono ukiwa tumboni. Haiponyi yote, ila mwili unapata habari kwamba hakuna anayekukimbiza. Hofu ya kujifungua ipeleke kwa nesi kama swali: nikivuja damu mtafanya nini, gari liko wapi, nitapelekwa wapi? Una haki ya majibu. Na ujue kwamba vifo vya akina mama wajawazito na wanaojifungua Uganda vimeshuka, kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa taifa wa 2016 hadi 189 katika ule wa 2022. Bado ni vingi mno, lakini wanaojifungua na kurudi nyumbani ni wengi zaidi sana kuliko wale ambao habari zao zinasimuliwa usiku.

Usinunue vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa bila kuandikiwa, hata kama jirani alivitumia. Kama ulikuwa unatumia dawa za akili kabla ya mimba, usiziache ghafla kwa woga. Mwambie anayekuhudumia, naye atakuambia zipi zinaendelea na zipi zinabadilishwa. Na kama umefika mahali unatamani kufa, au unasikia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri siku ya kliniki. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na mtu wa kukushika mkono, useme neno hilo wazi. Hapo ndipo safari ya Mbarara inapostahili gari, na gari hilo linapaswa kutoka kituoni, si mfukoni mwako.

Tunarudi kwa wakubwa wetu. Wasiwasi mkali usiotibiwa wakati wa mimba unahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya siku na kuzaliwa wadogo, na watoto hao mnawapokea kliniki ile ile, mnawapima kwenye mizani ile ile, mnaandika uzito mdogo na kuanza kutafuta maziwa ya lishe. Dakika moja ya kumuuliza mama wao miezi minne kabla ilikuwa inapatikana.

Wiki hii kuna siku ya kliniki. Mabenchi yatajaa kama kawaida, jua litapanda, na mti uko hatua chache kutoka mlangoni. Muulizeni wa kwanza atakayeketi.