Usimwachie padri kazi ya kumbadilisha mchumba wako

Dada yangu wa Tseikuru, hii umeambiwa mara ngapi? "Mvumilie tu, akimaliza mafundisho abatizwe, atabadilika." Na wewe unahesabu siku hadi Pasaka.

Unamjua vizuri huyu jamaa. Kiangazi kikikaza na watu wapange mitungi kwa foleni ya maji, wake lazima uwe wa kwanza. Alichukua mbuzi za kakako akauze sokoni, hadi leo pesa ni stori. Mwethya ukiitishwa, mgongo unamuuma. Ukimwambia una shida, dakika mbili baadaye mnaongea kuhusu yeye.

Je, imani ya Katoliki inaweza kumbadilisha? Mimi nasema ndio, na ushahidi upo. Charles de Foucauld, Mfaransa aliyezaliwa 1858, alirithi utajiri akautapanya kwa starehe akiwa afisa wa jeshi. Aliongoka mwaka wa 1886. Lakini angalia kalenda: alifika Tamanrasset, kule jangwani Algeria, 1905. Akajifunza lugha ya Watuareg, akawaandikia kamusi. Mwaka wa 1908 aliugua karibu afe, na ni majirani hao waliomwokoa kwa maziwa ya mbuzi wakati wa ukame. Mtu wa Tseikuru anajua maziwa ya mbuzi wakati wa ukame ni kitu gani. Yule aliyezoea kuhudumiwa kwa pesa zake sasa alikuwa anaishi kwa huruma ya maskini. Kanisa lilimtangaza mtakatifu 2022.

Kwa hivyo inawezekana, ila si mambo ya wikendi moja.

Tena kanisani mbinafsi anaweza kunoga zaidi. Anapata kiti cha mbele na jina linasomwa kwenye harambee. Maaskofu wenyewe wanaijua hiyo hatari: Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais Ruto alitoa Parokia ya Soweto, likisema kanisa lisitumiwe kama jukwaa la siasa. Lakini nani atamkatalia mchumba wako elfu mbili zake?

Ninachopenda kwa Wakatoliki ni kwamba kitubio hakiishii kwa kulia. Kuna majuto, kuna maungamo, halafu kuna malipizi. Ukiiba, rudisha. Zakayo hakusema tu "pole", alisema atawapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Wengi wetu tunaruka hapo, maana kuungama ni siri lakini kulipa kunaonekana.

Halafu kuna jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa AMECEA walizipa kipaumbele mwaka wa 1976. Huko hakuna kujificha. Mnakutana kwa boma la mtu, watu kumi na kitu, wote wanajua deni lako. Mgonjwa yuko kilima kile, nani ataenda? Nikitaka kujua kama jamaa anabadilika, siwezi kumuuliza padri. Nitamuuliza mama aliye naye jumuiya moja, na mdogo wake anayelala naye chumba kimoja.

Ndoa ya Katoliki haina talaka, na wewe unajua. Kabla hamjaenda kuandikisha tarehe parokiani, muulize kakako kama zile pesa za mbuzi zimefika.