Katalogi za bei zinatuulia rupia zetu

Kuna picha inayozunguka kwenye simu za watu wa Moshi kila baada ya muda. Ni ukurasa wa katalogi ya sarafu za dunia, umekatwa pembeni hivi kwamba mwaka wa kuchapishwa hauonekani. Juu kuna sarafu ya njano yenye tembo na mlima nyuma yake, chini kuna safu za bei kwa dola. Ikishaanza kuzunguka, watu wanashuka kutoka Kibosho, Uru, Old Moshi na Marangu na sarafu walizozifunga kwenye leso, na wengi huishia kwenye meza yangu. Mimi ni fundi saa. Nina lenzi ya jicho, nina mizani ndogo ya gramu, na mjini inajulikana kwamba nakusanya sarafu za zamani. Swali ni lile lile: "Fundi, hii si ndiyo ile ya mamilioni?"

Karibu kila mara siyo. Na mtu akishaambiwa hivyo haniamini mimi, anaamini picha.

Naomba niseme bila kuzunguka. Orodha za bei za sarafu tunazozitegemea hapa nchini, za kuchapwa na za kwenye simu, hazifai kutegemewa, na makosa yake hayaishii kwenye mfuko wa mkusanyaji. Yanaangamiza sarafu zenyewe, na hizo ni katika vitu vichache vya kushikika vinavyoonyesha jinsi fedha ilivyoingia kwenye vihamba vyetu.

Nianze na huyo tembo. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ilipigwa Tabora mwaka 1916, ndani ya karakana ya reli, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakati manowari za Waingereza zimefunga pwani na hakuna fedha inayoingia kutoka Ujerumani. Zilipigwa kama 16,000 tu, kati ya Aprili na Julai. Ina uzito wa gramu saba na ushee, na robo tatu yake ni dhahabu. Leo huko Ulaya inauzwa kwa maelfu ya dola, hilo katalogi haikudanganya. Lakini Moshi ilikuwa imeshatekwa na Waingereza tangu Machi mwaka huo. Mjerumani aliutia mlima wetu kwenye dhahabu yake akiwa ameshaupoteza mlima wenyewe. Kwa hiyo kuikuta sarafu hiyo kihambani huku kwetu ni bahati ya ajabu. Ingebidi aje nayo askari au mpagazi aliyerudi nyumbani vita vilipokwisha. Mimi sijawahi kuletewa hata moja ya kweli. Nimeletewa nakala za shaba zilizopakwa rangi, nyepesi mno kwenye mizani, na waliozinunua walikuwa wametoa fedha ya kweli.

Wanayoileta mara nyingi ni ndugu yake wa kimaskini, heller 20 ya Tabora, ya mwaka huo huo 1916, yenye herufi T ya kiwanda cha Tabora kama ile ya dhahabu. Hii ilipigwa kwa shaba, nyingine ya njano na nyingine nyekundu, na maganda ya risasi ni sehemu ya shaba hiyo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni moja. Ile ya njano ukiisugua inang'aa, na hapo ndipo matumaini yanapoanza.

Kwa sarafu hii katalogi haitoi bei moja. Inakwambia kwanza uangalie taji, kama ni kubwa au dogo. Kisha ugeuze, utazame herufi mbili za L katika neno HELLER: ncha zake zimechongoka, au zimejikunja, au moja hivi na nyingine vile. Kisha aina ya shaba. Ukichanganya yote hayo unapata mistari kadhaa, na bei ya mstari mmoja inaweza kuzidi ya mwingine mara nyingi. Kwenye karatasi ni elimu safi kabisa.

Mwaka jana bibi mmoja wa Uru alikuja na mjukuu wake. Heller yao ilitoka ardhini kijana alipokuwa anachimba shimo la mgomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Huyu amesema ni laki tano. Mimi nimemwambia twende kwa fundi kwanza."

Niliweka lenzi jichoni. Taji lilikuwa dogo, hilo lilionekana. Lakini ncha za L zilikuwa zimekwisha. Udongo wetu ulikuwa umezila kwa zaidi ya miaka mia moja; pale katalogi inapotaka nijue kama ncha imejikunja, palibaki uvimbe laini wa shaba. Tena juu ya taji kulikuwa na tundu dogo, limetobolewa kwa msumari kutoka upande mmoja, kingo zake zimelainika kwa kusuguana na uzi. Mtu aliivaa shingoni, na aliivaa muda mrefu. Mimi tundu hilo lilinigusa kuliko taji. Kwenye katalogi halina mstari wake; sarafu iliyotobolewa huhesabiwa kuwa imeharibika, basi.

Kijana alikuwa amesoma safu ya mwisho kulia, yenye bei kubwa kuliko zote. Nilimwambia ningempa elfu kumi na tano, nayo ingekaa kwenye mkusanyiko wangu na tundu lake. Hakutaka, na simlaumu, maana alikuwa na ukurasa mkononi na mimi nilikuwa na maneno tu. Baadaye nikasikia ameisugua kwa ndimu na majivu ili ifanane na picha. Sarafu iliyosuguliwa hivyo hakuna mkusanyaji makini atakayeigusa.

Safu ile ya mwisho kulia ni ya sarafu ambayo haijawahi kutumika. Ilitoka mashineni ikaingia kabatini. Sarafu zetu hazikuishi hivyo. Kodi ya nyumba ilipoanza kukusanywa mwaka 1898, rupia tatu kwa mwaka, watu wa mlimani walilazimika kuitafuta rupia popote ilipo: kwenye kazi za mashambani kwa walowezi, kwenye upagazi, kwenye mifugo waliyouza. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911 rupia zilizidi kupanda mlimani na kushuka. Zilipita mikono mingi, zikafukiwa, zikavaliwa, zikafichwa ndani ya mianzi. Hali yake ndiyo historia yake. Bei iliyopangwa kwa sarafu ya kabatini Berlin haiihusu rupia iliyolipa kodi Machame.

Watu wa mji huu wangepaswa kulielewa hili kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Mnada wa kahawa uko hapa hapa. Kahawa inapangwa madaraja, AA mbali, B mbali, inaonjwa, kisha inauzwa, na bei inayotangazwa ni ile mnunuzi aliyoitoa siku hiyo kwa fungu lile. Hakuna mkulima wa Kibosho anayeweza kuchukua bei ya daraja la juu ya mwaka mwingine akadai alipwe hiyo kwa kahawa iliyonyeshewa mvua. Kwenye sarafu tunafanya hivyo kila wiki.

Kuna jambo jingine ambalo picha ya simu haisemi: bei ile ni ya nani? Kwa kawaida ni bei ambayo mfanyabiashara wa Ulaya au Marekani angemuuzia mteja dukani kwake. Kampuni ya Stanley Gibbons ya Uingereza, inayotoa katalogi ya stempu, inaeleza wazi kwamba bei zake ni zile ambazo yenyewe ingeuzia. Mtu aliyeko Uru ni muuzaji. Bei inayomhusu ni ile ambayo mnunuzi atampa, nayo inaweza kuwa nusu au chini ya nusu, kabla ya posta, ada za mnada na hofu ya kutuma kitu kwa mtu usiyemwona. Safu ya bei hiyo haipo.

Na sarafu ni afadhali. Rafiki yangu anakusanya stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za enzi ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza kutolewa 1938. Thamani ya stempu moja hubadilika kabisa kwa idadi ya matundu pembezoni, na bila kipimo maalumu jicho halioni tofauti. Analetewa albamu nzima zikiwa zimeandikwa bei kwa penseli, na aliyeandika hakuwahi kuhesabu tundu hata moja.

Mpaka hapa nimesema juu ya bei zinazozidi ukweli. Zile zilizo chini ya ukweli zinaniuma zaidi.

Rupia ya fedha ya Mjerumani, yenye kichwa cha Kaisari, ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya asilimia 91 yake ni fedha halisi. Hiyo ni zaidi ya gramu kumi za fedha. Nakala za katalogi zinazozunguka hapa ni fotokopi za matoleo ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wakia moja ya fedha ilikuwa kama dola tano. Wakati huo rupia iliyochakaa iliandikiwa dola chache, na ilikuwa sawa. Mwaka 2025 wakia ilivuka dola 50. Maana yake fedha iliyomo ndani ya rupia moja, bila historia, bila Kaisari, ilifika kama dola 17. Mtu anayefuata fotokopi anaona sonara anampa zaidi ya "bei ya kitabu", anafurahi, anaondoka. Sonara anawasha moto.

Nimeona rupia zikiingia kwenye kikombe cha kuyeyushia mbele ya macho yangu, fungu zima, hakuna aliyetazama mwaka. Ndani ya mafungu kama hayo ndimo zinamopotelea rupia mbili za 1893 na 1894, ambazo zilipigwa miaka hiyo miwili tu na kwa idadi ndogo. Simlaumu sonara, biashara yake ni fedha. Nalaumu karatasi iliyomwambia mwenye mali kwamba alichonacho hakina thamani zaidi ya hapo.

Shilingi zilizozifuata rupia nazo zina uvumi wake. Kahawa ndiyo iliyozileta kwa wingi, hasa baada ya chama cha wakulima wa mlimani kuanzishwa mwaka 1925 na ushirika wa KNCU kufuata mwaka 1933, na bado kuna makopo yamejaa shilingi zenye simba chini ya vitanda vya wazee. Zile za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, lakini picha za simu haziwatenganishi simba hao. Halafu kuna senti tano na senti kumi za 1936, zenye tundu katikati na jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu kabla hata mwaka haujaisha. Kila mtu aliyesikia kisa chake anaamini ameshika mamilioni. Zilipigwa nyingi sana. Ni sarafu nzuri, nami nazipenda, ila ni za bei ndogo.

Tatizo si letu peke yetu. Marekani, ambako watu hukusanya kadi za wachezaji wa besiboli, vitabu vya bei vimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle ya 1952 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6, kwa sababu ilikuwa kama imetoka kiwandani jana. Mwenye kadi ile ile iliyokunjwa pembe na mtoto anabishana na kitabu kama kijana wa Uru. Lakini wao wana kitu ambacho sisi hatuna: rekodi za mauzo halisi, zenye tarehe, picha na bei iliyolipwa, na mtu anaweza kukipima kitabu kwa rekodi hizo. Hata kwa sarafu za Mjerumani, nyumba za mnada kama Künker ya Osnabrück hutangaza bei zilizofikiwa. Sarafu zilipita kwenye mikono ya babu zetu, na bei zake zinajulikana Osnabrück kuliko Moshi.

Katalogi kubwa ya Marekani ambayo fotokopi zake tunazo ilikuwa ya kampuni ya F+W, iliyofilisika mwaka 2019. Hakuna atakayekuja kuturekebishia bei. Na sisi wakusanyaji wa Moshi, Arusha, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar tumechangia giza hili, kwa sababu tunafichana bei. Anayenunua rahisi hataki ijulikane, anayenunua ghali anaona aibu. Ndiyo maana picha ya simu inatawala.

Makumbusho ya Taifa na Benki Kuu wangeweza kutoa karatasi moja ya Kiswahili yenye picha za ukubwa halisi, uzito wa kila sarafu, madini yake, na onyo la kutosugua. Isiwe na bei hata moja. Ingewazuia matapeli wa tembo wa dhahabu kwa uzito tu. Masonara nao wangeombwa kusoma mwaka kabla ya kuyeyusha rupia, na yenye mwaka adimu waiweke pembeni, maana mkusanyaji atawalipa zaidi ya uzito wake.

Bei tuziandike wenyewe. Mimi nina daftari mezani, na ndani yake naandika sarafu, mwaka, herufi ya kiwanda, uzito, imetobolewa au haijatobolewa, iliuzwa wapi na kwa shilingi ngapi zilizopita mkononi, siyo zilizoombwa. Majina ya watu siandiki. Yeyote anaruhusiwa kulisoma na kuongeza mauzo yake, ilimradi alete tarehe na picha ya pande zote mbili, iliyopigwa kabla ya ndimu.